Mti wa maua umegoma baada ya kukatwa? Tuangalie tatizo liko wapi

Wakuu, hela ya korosho ikishaingia tu huku kwetu Mtwara utasikia chenso zinalia kila mtaa. Mtu kapaka nyumba rangi, kaweka geti jipya, afu anageukia mti wa maua uliopo uani anauona mkubwa, mchafu, unajaza majani kwenye gata, anamwita kijana wa chenso anamwambia "mdogo wangu hebu nipunguzie huu mti". Hilo neno kupunguza ndo limeleta nusu ya matatizo ntakayoeleza hapa, maana mwenye mti anawaza matawi mawili matatu na mwenye chenso anawaza kichwa chote kishuke chini alipwe aondoke.

Na tusimlaumu kijana peke yake. Sisi watu wa kusini kukata miti tumejifunzia kwenye miti mitatu, mjohoro, mwarobaini na mkorosho. Mjohoro unaukata leo unapata kuni, mvua ikija unachipua kama umetukanwa, misimu miwili una kichaka. Mwarobaini hivyohivyo. Mkorosho mzee ndo kabisa, unaweza kuukata ubaki kisiki, ukichipua unabebesha vikonyo (vitawi vya kupandikiza) vya mbegu nzuri, na watu wa TARI Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapahapa wamewafundisha wakulima kazi hiyo miaka na miaka. Kwahiyo mkono wetu umeshazoea kwamba mti ukikatwa sana ndo unapata nguvu. Sasa mkono huohuo ukiupeleka kwenye mkrismasi (ule wa maua mekundu) au jakaranda unapata mti mzima, wa kijani, wenye afya ya macho tu, na maua huyaoni.

Mi mwenyewe nimeharibu, sisemi ya kuambiwa. Aprili 2019 tulipotangaziwa Kimbunga Kenneth kinakuja tulichanganyikiwa wote, shule zimefungwa, watu wanafunga mabati kwa kamba, wazee wanakumbushia kile cha Lindi cha 1952, na mi nina mkrismasi umeinamia paa la jikoni. Nikaita jamaa, akakata matawi saba yote, yakabaki magutu kama ngumi zimeelekea juu. Kenneth akaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25, sisi hapa tukapona, mti wangu ndo ulioumia. Novemba ile hakuna ua. Novemba 2020 hakuna ua. 2021 ukatoa mashada mawili upande wa jikoni, basi. Mengi ya hapa chini nimeyajua kwa kuuhangaikia ule mti.

Mti umetoa fimbo nyingi zimesimama wima, majani tele, maua hamna

Hii ndo kesi namba moja na ukiiona ujue mti ulikatwa kichwa. Yaani tawi nene limekatwa katikati, popote tu msumeno ulipofika, afu pale kwenye gutu zikatoka fimbo kumi na tano zinagombania jua. Mti hapo haujanenepa, unajitetea. Majani ndo jiko la mti, umeliondoa jiko lote kwa siku moja, sasa unatoa akiba iliyopo kwenye shina na mizizi urudishe majani haraka, habari ya maua inasubiri. Na mkrismasi maua yake yanakaa kwenye ncha za matawi, matawi yenyewe yawe yamekomaa, sasa ncha zote uliziangusha chini na hizi fimbo mpya bado watoto.

Kosa la pili linafanyika hapa, na mi nililifanya: ukiona zile fimbo unachukia, unachukua panga unazifyeka zote. Mti unatoa nyingine, mara hii nyingi zaidi, nawe unafyeka, mchezo unakuwa huo kila mwaka na akiba inaisha. Usizifyeke zote. Nenda gutu moja moja, chagua fimbo mbili au tatu zilizokaa vizuri, yaani zinaelekea nje siyo zinarudi ndani kwenye mti, hazijabanana, zina unene. Hizo ndo zitakuwa matawi. Zilizobaki toa, ila siyo siku moja, mwaka huu toa theluthi, mwakani theluthi, ukifika mwaka wa tatu umemaliza. Wakati mzuri ni zikiwa bado nyembamba kama penseli, unazikata kwa mkasi wa kupogolea au hata unazing'oa kwa kidole gumba zikiwa changa kabisa.

Ujue pia kwamba hizo fimbo hazijashika vizuri. Tawi la kawaida limekua pamoja na shina, mwaka kwa mwaka, limefungwa ndani. Fimbo ya kwenye gutu imeshika juujuu kwenye ganda, na ikinenepa inakuwa nzito wakati pale chini gutu lenyewe linaoza. Watu wanakata kichwa wakiogopa upepo, kumbe baada ya miaka minne mitano ndo wametengeneza kitu cha kuanguka na upepo. Kama mti wako ulishafikia hapo na fimbo zimekuwa nene kama paja juu ya paa, hiyo siyo kazi ya kujaribu mwenyewe na ngazi ya kuazima.

Hukukata sana, ila maua hayaji

Hapa muulize mwenye mti swali moja tu, ulikata mwezi gani?

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba zinaisha Aprili, Mei hivi, afu kiangazi mpaka Oktoba. Miti mingi ya maua imejipanga na kalenda hiyo. Mkrismasi unapukutisha majani kiangazi, unakaa kama umekufa, afu joto likipanda Oktoba Novemba unalipuka wekundu, ndo maana ukaitwa hivo. Wale wasiosubiri hela ya korosho wanakata lini? Agosti na Septemba, kwa sababu hauna majani, matawi yanaonekana, na kazi shambani zimepungua kidogo kabla korosho hazijachanganya. Sasa Septemba umekata ncha, Novemba unauliza maua yako wapi. Yalikuwa kwenye lile lundo ulilochomea nje ya geti.

Kwa mkrismasi subiri maua yaanguke, Januari kuelekea Februari, mvua zipo bado, chagua siku kavu ukate kidogo. Vidonda vinaanza kuzibwa mapema maana mti upo kwenye kukua, na matawi yana miezi ya kutosha kujiandaa kabla ya Novemba nyingine. Tawi lililokufa au lililovunjika halina kalenda, hilo kata siku yoyote.

Franjipani ni hesabu nyingine, hii ndo ile yenye matawi manene kama vidole na maziwa meupe yanayonata. Ua linatoka kwenye ncha kabisa ya tawi, hakuna sehemu nyingine. Kila ncha uliyoikata ni shada ulilolikata, hakuna ujanja. Faida yake ni kwamba ukikata tawi moja mara nyingi yanachipua mawili au matatu, kwahiyo msimu huu umepoteza, msimu mmoja au miwili mbele umepata ncha nyingi zaidi. Ukitaka kulikata likate mwisho wa kiangazi likiwa halina majani, na usikate matawi yote mwaka mmoja, kata upande huu mwaka huu, upande ule mwakani, utakuwa na maua kila mwaka. Kile kipande usitupe, kiweke kivulini wiki nzima mpaka lile jeraha likauke, afu kichomeke kwenye mchanga, mara nyingi kinashika. Ukikichomeka kibichi kinaoza.

Haibiskasi haina shida hata kidogo, hiyo inatoa maua kwenye matawi mapya kwahiyo kila ukikata inafurahi. Ipunguze theluthi moja mvua zikikaribia, basi. Ukiona inakunja majani na kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye ncha, hao ni vidung'ata, kata ncha hizo, usiziache chini pale, na hapo tatizo siyo msumeno.

Kuna sababu nyingine ya mti kukosa maua ambayo haihusiani na kukata kabisa: umeushibisha. Mti upo pembeni ya bomba, maji ya kufulia yanaenda pale, samadi ya mbuzi inamwagwa pale, kiangazi chote mti uko kijani kibichi. Unakula, unakunywa, unakua, utoe maua kwa nini? Hii naiona sana kwenye boganvilia. Na kama mkrismasi wako uliotesha kutoka kwenye mbegu, una miaka mitatu, tulia, bado mtoto huo, kuukata ili "uamke" ni kuuchelewesha tu.

Boganvilia: fimbo ndefu za miiba, rangi haba

Naiweka peke yake maana hii ndo inayovumilia chenso na watu wanatumia huu mfano kuharibu mingine ("mbona boganvilia ya jirani ilikatwa chini kabisa ikarudi?"). Ni kweli, boganvilia unaweza kuishusha ikabaki nusu, hata zaidi kama imezeeka, ikarudi. Inatoa maua kwenye machipukizi mapya na kwetu hapa kiangazi ndo inawaka, maana ukame kidogo unaisukuma. Asili yake Amerika ya Kusini, jina lake limetokana na baharia Mfaransa, Bougainville, na ile rangi tunayoita ua ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo katikati, nenda kaangalie utanikumbuka.

Tatizo la kawaida ni kwamba watu wanaipunguza kidogokidogo kila wiki kwa juu, kama wanamnyoa mtoto, ili fensi ikae mraba. Kila wiki unakata ncha zilizokuwa zinakaribia kutoa rangi. Afadhali uikate kwa nguvu mara moja rangi ikishaisha, uiache wiki kadhaa ifanye mambo yake. Punguza maji pia. Na iangalie jua, kama ipo nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha mwembe hata ukiipogolea kila mwezi itatoa miiba tu.

Kidonda hakifungi, kinatoa maji, uyoga, au mchwa wamepanda

Sogelea karibu. Pale tawi linapoungana na shina kuna sehemu imevimba kidogo, ngozi imekunjamana kama shingo ya kobe, naiita shingo ya tawi. Humo ndimo mti unapoanzia kujenga ukuta wa kuzuia uozo na kufunga kidonda. Mti hauponyi kidonda kama mtu, ile nyama ya zamani hairudi, unachofanya ni kuifungia ndani na kuota juu yake. Alex Shigo, Mmarekani aliyekuwa mtafiti kwenye idara ya misitu ya kwao, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kuangalia jambo hilihili, na alichokisisitiza ni hicho, usiiguse shingo.

Kwahiyo kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza umekata mbali, umeacha kigutu cha futi moja. Kigutu kinakufa, mti hauwezi kufunga juu yake, mchwa wanakiona ni kuni kavu, wanajenga njia yao ya udongo kwenye shina wanapanda. Watu wanasema mchwa wameua mti, kumbe mara nyingi walifuata mlo uliowaachia. La pili umekata karibu mno, umelalia shina kabisa ili pawe laini pazuri kwa macho, ukaondoa na shingo, na kidonda kikawa kikubwa mara mbili bila ukuta wowote. Kata nje kidogo tu ya ule uvimbe. Ukikata sawasawa, baada ya msimu mmoja wa mvua utaona mdomo wa ganda jipya umezunguka kidonda pande zote kama ukingo wa chapati. Ukiona mdomo huo upo juu tu au upande mmoja, ujue upande mwingine shingo iliguswa. Kigutu cha zamani unaweza kukikata upya hata leo, ila kama mdomo wa ganda jipya umeshakitambalia usiukate huo mdomo.

Halafu oili chafu. Naomba tuongee. Kila fundi atakwambia paka oili chafu ya gari mchwa wasije. Oili inaua ganda bichi pembezoni mwa kidonda, ganda hilohilo ndo lilikuwa lifunge. Rangi nayo na lami haizuii uozo, inaufunika usiuone. Kidonda kilichokatwa vizuri kiache wazi. Mchwa shughulika nao chini, bomoa zile njia za udongo, toa matandazo na vipande vya mbao vilivyorundikwa kwenye shina.

Ukiona uyoga umeota kwenye shina au ukigonga kwa nyuma ya panga panalia kama ngoma, hapo ndani pameshaliwa. Mti unaweza kuishi hivo miaka mingi, ila uko karibu na nini? Kama ni kitanda cha watoto upande wa pili wa ukuta, tafuta mtu anayejua.

Ganda limepasuka, limekauka upande mmoja

Hii inakuja miezi michache baada ya kukata, na ukiangalia vizuri iko zaidi upande wa kaskazini na magharibi. Sababu yake ni jua. Tuko kwenye nyuzi kumi hivi kusini ya ikweta, Juni na Julai jua linapita kaskazini yetu, afu la mchana ndo kali. Ganda lililokaa kivulini miaka kumi umelivua nguo ghafla, linaungua kama mgongo wa mtu aliyetoka ofisini akaenda kuvua siku nzima. Mkrismasi na jakaranda ganda lake jepesi, zinaumia haraka.

Kama umeshakata na matawi yamebaki uchi, koroga chokaa na maji iwe nyepesi, paka yale matawi yaliyo wazi na shina upande huo wa jua. Chokaa hapa haitibu kidonda, inalirudisha jua lilikotoka lisiunguze ganda. Ganda lililokwishapasuka usilibandue likiwa bado limeshika, liache lijibandue lenyewe.

Tawi zima limeanguka, tena siku haina upepo mkubwa

Angalia lilipotoka. Kama palikuwa na umbo la V, matawi mawili yenye unene sawa yamepanda pamoja na katikati kuna ganda limebanwa ndani, basi hayakuwahi kushikana hata siku moja, yalikuwa yameegemeana tu. Mkrismasi unapenda sana hii tabia na mbao yake inakatika kirahisi. Dawa yake ni mti ukiwa mdogo: mti una urefu wa mtu mmoja na nusu, umeona V, chagua moja liwe kiongozi, lingine lifupishe, mwakani lifupishe tena. Dakika tano na mkasi. Ukisubiri miaka kumi na tano ni chenso, kamba, na hela.

Sababu nyingine ni fundi aliyesafisha ndani. Kakwea kakata vitawi vyote vya ndani kabaki na mikono mirefu yenye majani nchani kama mafagio. Kwa macho ya siku ya kwanza pamekuwa pasafi, pana hewa. Ila uzito wote sasa uko mwishoni kabisa, upepo ukija mkono mzima unapiga kama mjeledi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya alipopita pwani yetu nilizunguka mtaani asubuhi yake, matawi mengi niliyoyaona chini yalikuwa ya aina hii, na mikrismasi miwili ambayo haijawahi kuguswa na mtu imesimama na majani yake.

Mti umekauka, au umelala?

Kabla hujaita watu waung'oe, kwaruza ganda kwa ukucha kwenye kitawi. Chini ni kijani na unyevu, mzima huo. Ni kahawia na kavu, shuka chini kidogo kwaruza tena. Franjipani isiyo na jani Julai ni kawaida, mkrismasi pia. Ila kama ulikata nusu ya mti Juni, mwanzo wa kiangazi, akiba hamna na maji hamna, huenda kweli matawi yamekufa kurudi nyuma. Mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki, siyo kikombe kila siku, usiweke mbolea, na usikate kitu mpaka mvua zije zikuonyeshe kipi hai.

Sasa ukate kiasi gani?

Bibi mmoja jirani yangu upande wa Mikindani aliniita nimkatie franjipani imemziba dirisha. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nimefika na msumeno. Akaniambia, "Usianze kukata, kaa kwanza hapa ninapokaa mimi." Nikakaa kwenye mkeka wake barazani. Akanionyesha tawi moja, moja tu, ndo lililokuwa linamziba. Mi kwa kusimama pale nje nilishahesabu matano.

Toka siku ile nafanya hivo, naangalia kutoka anapokaa mwenye mti. Hesabu ninayoitumia, ukiacha boganvilia na haibiskasi, ni hii: kwa mwaka mmoja usitoe zaidi ya robo ya majani yote ya mti, na mti mzee au uliotoka kuumwa usifike hata robo, kumi mpaka kumi na tano kwa mia inatosha. Tawi jembamba chini ya sentimita tano linafunga haraka. Likizidi sentimita kumi jiulize mara mbili kama kweli lazima. Ukitaka kufupisha tawi usikate katikati hewani, rudi nyuma mpaka kwenye tawi la pembeni lenye unene angalau theluthi ya hilo unalolikata, hilo ndo litapokea kazi. Ukitaka mti uwe mfupi kabisa kuliko unavyotaka kukua wenyewe, basi ulipanda mti siyo, na msumeno hautakusaidia, utakuwa unalipa kijana wa chenso mpaka uzeeni.

Jakaranda usiifupishe kabisa. Inatoa fimbo wima na lile umbo la mwavuli halirudi. Hapa pwani yenyewe wala haichanui kama ile ya Iringa, sasa ukiikata kichwa umebaki na nini.

Tawi zito likate mara tatu. Kwanza kwa chini, sentimita thelathini hivi kutoka kwenye shina, msumeno uingie robo tu. Pili kwa juu, mbele kidogo ya pale, tawi linadondoka bila kuchana ganda la shina. Tatu unatoa kile kigutu kilichobaki, nje ya shingo, ukikishika kwa mkono. Ukiruka hatua ya kwanza tawi linashuka na ganda lake mita nzima, kidonda hicho mti unakifunga kwa miaka na mara nyingi haumalizi.

Mti ukiwa umegusa nyaya za umeme usikate, hata kitawi, hata na fimbo ya mwanzi, mwanzi mbichi unapitisha umeme vizuri tu. Wapigie TANESCO.

Kuhusu lile lundo, matawi ya mkrismasi ni kuni dhaifu, yanaisha kama karatasi, ila yale maganda marefu meusi waachie watoto watachezea mapanga. Boganvilia rundika juu ya banda la kuku, kicheche atafikiria mara mbili. Kama uani una oliyanda, ile ya majani membamba na maua ya waridi, matawi yake usichome maana moshi wake ni sumu, usimpe mbuzi, wala usichomee mishikaki, chimbia chini mbali na kisima na unawe mikono kabla hujashika ugali.